KABLA HUJAMCHAPA MTOTO, FUNGUA SIMU YAKO



Leo sikuleti neno la kukufariji. Neno la leo linachoma, na limeanza kwa kunichoma mimi mwenyewe. Naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujaandika Amina.

Mwaka jana, Jumamosi moja jioni, nilikuwa sebuleni naandaa mahubiri ya kesho yake. Mke wangu alikuwa jikoni. Kitinda mimba wetu, wakati huo akiwa na miaka tisa, aliniomba simu atafute picha za wanyama wa porini kwa ajili ya kazi ya shule. Mwalimu alikuwa ametuma hiyo kazi kwa WhatsApp, kama wanavyofanya siku hizi. Nikampa. Baada ya muda nikaona nyumba imenyamaza. Mzazi anaujua ukimya ule. Nikaingia chumbani nikamkuta ameinamia simu, na alichokuwa akitazama siwezi kukiandika hapa.

Nilimchapa. Nasema ukweli mbele za Mungu na mbele zenu. Nilimchapa kwa hasira nikimuuliza, "Umetoa wapi uchafu huu? Nani amekufundisha?" Mtoto analia, anasema, "Baba, ilikuwa kwa simu." Nikamwongeza nyingine, eti ananidanganya.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, nikaichukua ile simu nimtafute shetani aliyeingia nyumbani kwangu. Sikwenda mbali. Video ilikuwa imejipakua yenyewe na kukaa katikati ya picha zangu, kando ya picha za ubatizo. Ilitoka kwenye grupu la wanaume tuliosoma pamoja sekondari. Watu wazima, baba za watu, wengine viongozi katika makanisa yao. Mmoja aliituma asubuhi, na chini yake wenzake wakapanga emoji za kucheka. Mimi sikucheka. Hata sikuwa nimeifungua. Lakini nilikuwa nimekaa katika grupu hilo miaka sita nikijua vizuri yanayopita humo, na sikuwahi kukemea wala kutoka, kwa sababu sikutaka waseme nimejifanya mtakatifu.

Mtoto alikuwa amesema kweli. Ilikuwa kwa simu. Simu ya baba yake, mchungaji.

Asubuhi kabla ya ibada nilimwita nikamwomba msamaha. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, hao watu ni marafiki zako?" Mpaka leo swali hilo linanikalia kifuani.

Mpendwa, tumekuwa tukilia kwamba mtandao unaharibu watoto wetu. Tumefunga na kuomba. Tumekemea roho ya uchafu kwenye kesha mpaka sauti zikakauka. Na baada ya kesha tunaenda nyumbani, tunampa mtoto simu ambayo haina mlango, haina kufuli, na ndani yake tumehifadhi mambo ambayo sisi wenyewe tungeona haya mama zetu wakiyaona. Halafu mtoto akiyakuta, tunatafuta fimbo.

Hebu fungua Biblia nami, kitabu cha pili cha Samweli. Sisi wahubiri tunapenda sana sura ya 11, Daudi akitembea juu ya dari ya nyumba ya mfalme jioni na kumtazama mke wa mtu akioga. Tunahubiri tamaa, tunahubiri toba, tunafunga Biblia. Wachache wanaendelea mpaka sura ya 13. Huko mwana wa Daudi, Amnoni, anamtamani dada yake Tamari, anajifanya mgonjwa, na anamnajisi. Sasa angalia mambo mawili ambayo tunayaruka.

Jambo la kwanza liko mstari wa 7. Nani alimtuma Tamari aende nyumbani kwa Amnoni? Ni Daudi mwenyewe. Baba alimtuma binti yake mahali pa hatari bila kuuliza swali hata moja. Hakuwa na nia mbaya. Aliombwa tu, akakubali, akaendelea na shughuli zake. Ndivyo tunavyotoa simu. Mtoto analia, mgeni yuko sebuleni, mama amechoka, baba anatazama mpira: "Chukua, nenda chumbani."

Jambo la pili liko mstari wa 21. Daudi aliposikia alikasirika sana. Kisha nini? Hakuna. Hakumwita Amnoni. Hakumtetea Tamari. Alikasirika tu. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini mtu aliyemwangusha Goliathi alishindwa kumwambia mwanawe maneno mawili. Naamini ni kwa sababu angefungua mdomo, angekumbuka dari. Mtoto alikuwa amefanya chumbani kile baba alichoanza kwa macho. Na baba aliyefungwa na dhambi ileile hana mdomo wa kumwonya mwana. Ana hasira tu.

Wanaume wa kanisa letu, hapo ndipo wengi wetu tulipo. Tuna hasira nyingi na mdomo hatuna.

Sasa najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia kwenye mkutano wa wazazi, na mengine nimeyasema mimi mwenyewe. Tuyapitie moja moja.

"MCHUNGAJI, HIYO NI KAZI YA SERIKALI. WAFUNGE HIZO TOVUTI."

Serikali ina kazi yake, na siitetei ikizembea. Lakini usiseme hakuna sheria. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 24, inasema mtu anayetengeneza, kusambaza au hata kukaa na picha chafu za watoto anaweza kufungwa hadi miaka 25, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Oktoba 2025 sheria hiyo ilirekebishwa, na kamati ya taifa ikapewa uwezo wa kuagiza tovuti za namna hiyo zifungwe. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamlinda mtoto hata dhidi ya dhuluma za mtandaoni.

Lakini nikuulize: kuna sheria gani itakayoingia kwenye grupu lako la WhatsApp? Runinga na redio zimewekewa saa. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku haziruhusiwi kurusha mambo ya watu wazima, kwa sababu watoto wako macho. Simu yako haina saa nne usiku. Saa nane mchana, mtoto ametoka shule, iko wazi. Uingereza, tangu Julai 2025, tovuti hizo zinalazimika kuhakikisha umri wa anayeingia. Australia, tangu Desemba 2025, mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Ni vizuri, na ningependa wabunge wetu wafikirie hayo. Ila hata uzio wa serikali ukijengwa, hautazuia kile baba alichokwisha kukipakua na kukiweka mezani.

Na kuna wengine kati yetu wanaofanya vibaya zaidi huku wakijiona wa kiroho. Video ya wanafunzi ikivuja, wanaisambaza wakiandika chini yake, "Tuombee kizazi hiki." Ndugu, dada, huyo aliye kwenye video ni mtoto. Kila unapoituma unamvua nguo tena. Hayo si maombi, ni kosa la jinai. Ifute. Ukitaka kumwombea, piga magoti. Mungu hahitaji kuona video ndipo ajue unamwombea nani.

"MTOTO WANGU AMEOKOKA, HAWEZI KUTAFUTA MAMBO HAYO."

Nakubali, huenda hatafuti. Shida ni kwamba anatafutwa. Mtoto anaanza na katuni. Video ikiisha, nyingine inajileta. Anabonyeza tangazo kwenye mchezo wa bure, linampeleka asikokujua. Anaingia mahali pa kutazama filamu bila kulipa, na kando ya filamu kuna picha za kumvuta. Hayo yamepangwa na watu wazima wanaopata pesa kadiri macho yanavyokaa kwenye kioo, na hawaulizi macho hayo ni ya mtu wa miaka mingapi. Ukitaka kufungua akaunti unaulizwa mwaka wako wa kuzaliwa. Mtoto wa darasa la nne anajua kutoa. Anaandika mwaka wa mama yake, anaingia.

Wokovu wa mtoto ni wa kweli. Lakini hata mtoto aliyeokoka hatumwachi achezee barabarani pale magari yanapopita.

"BASI TUWANYANG'ANYE SIMU ZOTE."

Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Tangu Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, simu iligeuka kuwa darasa, na haijarudi kuwa simu tu. Kazi za shule zinakuja humo, na mtaala huu mpya unamtaka mtoto atafute mambo mwenyewe. Ukimnyima nyumbani ataiona kwa jirani, kwa binamu, au kwenye basi la shule. Na atakapokutana nayo huko atakuwa hana mtu aliyemwandaa. Ondoa simu pale panapostahili, lakini usidhani kwa kuondoa simu umemlea mtoto.

"KUONGEA NA WATOTO MAMBO HAYO NI KUWAFUNDISHA UCHAFU."

Hapa ndipo kanisa limekosea zaidi, na ninajihesabu kwanza. Wazee wetu hawakunyamaza. Kulikuwa na nyanya, kulikuwa na shangazi, kulikuwa na mjomba, na kila mmoja alijua zamu yake ya kumwambia kijana ukweli. Sisi tulipookoka tulisema hayo ni mambo ya kimila, tukayaacha, na hatukuweka kitu mahali pake. Shule ya Jumapili tunawafundisha Nuhu na Yona, kisha tunanyamaza hadi siku ya harusi. Miaka yote ya katikati tumemwachia simu iwe shangazi.

Tamari alipotoka kwa Amnoni akilia, Absalomu alimwambia anyamaze. Soma mstari wa 20. Aliishi kwa ukiwa katika nyumba ya kaka yake. Na nyumba ile iliyonyamaza, baada ya miaka miwili ilimwaga damu. Kunyamaza hakujawahi kuitakasa nyumba.

Basi tufanye nini?

Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo ambalo sikumbuki kulisikia likihubiriwa. Mungu anawaambia Israeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta kando ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Watu walikaa juu ya nyumba zao, walilala huko, watoto walicheza huko. Mungu hakusema wasijenge dari. Hakusema waombe ili mtoto asianguke. Alisema, jenga ukuta. Na lawama ya kuanguka hakumwekea mtoto, alimwekea mwenye nyumba.

Mwenye nyumba, huu ndio ukuta. Fanya leo kabla hujalala.

1. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, zima kule kujipakua kwa picha na video. Zima pia kule kuonekana kwenye picha za simu. Kisha weka kwamba hakuna mtu wa kukuingiza kwenye grupu bila ruhusa yako.

2. Toka kwenye hayo magrupu. Usitoke kimya kimya. Andika mstari mmoja: "Simu yangu inashikwa na watoto, na mimi mwenyewe sitaki tena mambo haya." Nilipoandika hivyo kwenye grupu letu, wawili walinicheka. Wanne walinitafuta faraghani wakasema nao wanataka kutoka, walikuwa wakingoja mtu wa kuanza.

3. Kama mtoto ana simu yake ya Android, weka Family Link ya Google. Ni ya bure. Utachagua programu zipi aingie na saa ngapi simu ijifunge. Kwa mtoto mdogo, weka YouTube Kids, ukijua kwamba hata hiyo inahitaji jicho lako.

4. Kwenye simu nyingi za Android kuna mahali pa DNS ya faragha ndani ya mipangilio ya mtandao. Andika hapo family.cloudflare-dns.com. Itazuia tovuti nyingi chafu bila kulipa chochote. Ukishindwa, vijana wa mitambo kanisani watakusaidia baada ya ibada. Nimeshaongea nao.

5. Simu za nyumba nzima zilale sebuleni. Saa tatu usiku zote mezani, pamoja na ya baba. Sheria ambayo baba haishiki, watoto wanaiona kuwa mzaha.

Lakini ukuta haumalizi kazi. Siku moja mtoto ataona. Swali ni kama atakuja kwako au atakukimbia. Nami nimekwambia nilichofanya wangu alipoonekana: nilimfundisha kwa mkanda kwamba mambo haya hayaambiwi baba. Mtoto aliyefundishwa hivyo ndiye mawindo ya mtu mzima anayemwandikia mtandaoni, "Nitumie picha, na usimwambie mtu." Ameshajifunza kutomwambia mtu. Ni mimi niliyemfundisha.

Kwa hiyo akikutwa, shusha mkono. Kaa chini mlingane urefu. Mwambie: "Hujaharibika. Ulichokiona hakikutengenezwa kwa ajili yako, na si picha ya jinsi watu wanavyopendana. Ukiona tena, njoo uniambie, sitakuchapa." Kisha timiza ahadi hiyo. Na kama kuna mtu mzima amemwomba picha, amemtishia au amemgusa, usikae nalo nyumbani na usilimalize kwa kikao cha wazee, hata kama mtu huyo ni wa ukoo, hata kama ni wa kanisa hili. Piga 116, ni nambari ya kuwasaidia watoto, haina malipo. Nenda polisi. Madhabahu haitakuwa maficho ya mtu anayeumiza watoto, si mimi nikiwa mchungaji.

Na mama, usimwachie baba jambo hili, wala usimtupie lawama dada wa kazi. Mwambie naye sheria ya nyumba, kama unavyomwambia mahali dawa zinapowekwa.

Neno la mwisho ni kwako, ndugu unayesoma hapa huku moyo ukikudunda, kwa sababu tatizo si la mtoto. Ni lako. Unafuta usiku, unarudi kesho. Unaimba kwaya, unabeba kipaza sauti, na hakuna anayejua. Sikuandika haya ili nikuvue nguo mbele ya watu. Ayubu 31:1 inatuonyesha mtu aliyeketi na macho yake akafanya nayo agano. Agano linahitaji shahidi. Tafuta ndugu mmoja mwaminifu, umwambie ukweli wiki hii. Ukikosa, mlango wangu uko wazi Jumanne na Alhamisi jioni, na kitakachosemwa humo kitabaki humo. Damu ya Yesu haijapungukiwa nguvu. Ila usiendelee kumkemea shetani kwenye simu ya mtoto huku umempangisha chumba kwenye yako.

Bwana Yesu alimweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake, Mathayo 18, kisha akasema kuhusu jiwe la kusagia. Hakusema na watu wa dunia siku hiyo. Alikuwa akisema na watu wake.

Tuombe.

Baba, tumekuja kama Daudi, tukiwa na hasira bila mdomo. Tusamehe tulivyowatuma watoto wetu mahali ambapo hatukuuliza. Safisha macho yetu kwanza. Waponye walioona wasiyopaswa kuona. Mfunike kila Tamari aliyeambiwa anyamaze, umpe mtu wa kumsikiliza. Tupe ujasiri wa kutoka, wa kufuta, wa kuomba msamaha watoto wetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kabla hujaandika Amina hapo chini, nenda kwanza kwenye namba moja. Izime. Kisha urudi uandike.

Mchungaji wenu.